Msukule na Daftari la Rambirambi: Niliyojifunza Nikitengeneza Filamu ya Mazombi kwa Laki Sita na Arobaini

Marehemu anarudi nyumbani siku ya arobaini yake. Uso umepauka, sanda imechanika begani, anasimama mlangoni kimya. Ndani, kamati ya msiba inafunga hesabu. Mweka hazina anainua macho, anamwona, anayarudisha kwenye daftari, kisha anauliza kwa sauti ya chini: "Sasa salio hili tunamkabidhi nani?"

Tulirudia shoti hiyo mara tano kwa sababu mshika maikrofoni alishindwa kujizuia kucheka. Hapo ndipo nilipojua kwamba tunayo filamu.

Tuliishuti Muheza, mkoani Tanga, kwa siku sita za Jumamosi na Jumapili. Ina dakika 23 na ilitugharimu shilingi 640,000. Tangu tuionyeshe, vijana wengi wananiuliza swali lile lile: mlitumia kamera gani? Ilikuwa simu, na ya kuazima. Lakini kamera si jambo la kuanza nalo. Anza na watu walio hai kwenye hadithi yako.

Zombi hana haraka, hana aibu, hana deni, na hasemi. Atachekesha mara moja akijikwaa kwenye ndoo, mara ya pili watu wameshamzoea. Mwenye vituko ni yule aliye hai, ambaye bado ana mkopo wa kikoba, ana jirani asiyesalimiana naye, na kesho ana harusi ya kuchangia. Mswada wangu wa kwanza ulikuwa kurasa kumi na nne za watu kukimbia. Nilimpa mzee mmoja aliyeigiza michezo ya jukwaani ujana wake wote. Akausoma taratibu, akavua miwani, akasema: "Mwanangu, hawa wanakimbia tu. Hawana shida nyingine?" Nilikwenda nyumbani nikauandika upya kuanzia mstari wa kwanza. Safari hii sikuuliza zombi atafanya nini. Niliuliza: huyu mtu akirudi, nani atapata hasara? Mjane ameshaposwa. Kaka mtu ameshauza baiskeli. Kamati imeshakula rambirambi. Kila mmoja ana sababu ya kutaka marehemu abaki marehemu, na kila mmoja anaona haya kuisema mbele ya wenzake. Kicheko kiko hapo.

Sisi tuna bahati nyingine ambayo naona tunaipuuza. Zombi wa kwenye sinema alitoka Haiti, kwenye masimulizi ya watu waliotumikishwa mashamba ya miwa hadi wakaogopa kwamba hata kifo hakitawapumzisha. White Zombie, filamu ya Marekani ya mwaka 1932, inawaonyesha hivyo: wafu wanaosukuma mtambo wa kiwanda cha sukari bila kuchoka. Mwaka 1968 George Romero alitoa Night of the Living Dead, na tangu hapo zombi akawa mla nyama za watu. Sasa mfikirie msukule wa bibi zetu. Yeye hali nyama ya mtu. Anachukuliwa, analimishwa usiku, analishwa pumba. Yuko karibu na yule wa Haiti kuliko huyu wa kung'ata shingo. Ukimfuata huyo wa kwetu, hutahitaji utumbo wa kuigiza wala vichwa vya kupasuka, na hapo umeokoa nusu ya bajeti. Unahitaji mtu aliyechoka. Tulimtembeza wetu katikati ya mistari ya mkonge saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado haujainuka, akiwa na panga la kazi mkononi. Shoti ile haikutugharimu chochote zaidi ya kuamka mapema na chai ya watu wanane.

Nitasema jambo hili kwa uzito wake. Katika miji yetu wapo watu wanaoamini kwa dhati kwamba mtoto wao au mume wao hakufa, alichukuliwa. Kwao si hadithi. Tulikuwa na tukio la mama anayemkimbilia msukule akidhani ni mwanawe, na kwenye mswada lilikuwa limeandikwa ili watu wacheke. Siku ya mazoezi, mwigizaji mmoja alitoka nje, akakaa chini ya mwembe, akalia. Tuliliondoa. Wacheke watu wanaopiga hesabu za rambirambi. Mwenye kufiwa mwache na machozi yake.

Kuhusu ufukara wenyewe, mwalimu wangu mkubwa ni Mjapani Shinichiro Ueda. Filamu yake One Cut of the Dead ilitengenezwa kwa takribani yeni milioni tatu na waigizaji wasiojulikana. Ilianza kuonyeshwa Tokyo mwaka 2017 kwenye ukumbi mdogo, kwa siku chache tu. Mwaka uliofuata ilirudishwa kumbini, ikaishia kuingiza zaidi ya yeni bilioni tatu. Inafungua na dakika 37 za shoti moja isiyokatwa, kikundi cha wapiga filamu wakivamiwa na mazombi, na ukiitazama utaona kasoro tele: mtu anasimama bila sababu, kamera inaanguka chini, maongezi yanazubaa. Vumilia. Sitaki kukumalizia uhondo, ila kila kasoro uliyoiona ina maana yake baadaye. Ueda hakuuficha ufukara wake, aliugeuza kuwa hadithi, na sehemu ya mwisho inakuchekesha huku koo limekukaba.

Baada ya kuitazama mara tatu niliurudia mswada wetu nikitafuta mahali tulipopungukiwa. Hatukuwa na taa. Nyumba tuliyoazima ilitumia LUKU, umeme wa kulipia kabla, na mwenye nyumba alikuwa ametuambia mapema kwamba umeme tutanunua wenyewe. Basi tukaandika kwamba uniti zinaisha kikao kikiwa kinaendelea. Giza linaingia, wajumbe wanaanza kubishana ni nani alipewa hela ya umeme, na tochi moja ya simu inapopita kwenye nyuso inakuta uso mmoja uliozidi. Ndilo tukio pekee linalowatisha watu kwenye filamu nzima, na mwanga wote ni wa tochi ya simu.

Fedha mlizonazo zipelekeni kwenye sauti na chakula. Shilingi 230,000 zilikwenda kwenye wali, maharage, chai na maandazi, na 150,000 kukodi kinasa sauti na maikrofoni. Mtazamaji atasamehe picha yenye chengachenga, lakini maneno yasiposikika kichekesho kimekufa, kwa sababu kichekesho hukaa kwenye neno la mwisho la sentensi. Siku ya kwanza tulitegemea maikrofoni ya simu yenyewe. Jogoo, bodaboda na mashine ya kusaga vilisikika vizuri kabisa, mweka hazina hakusikika. Tulirudia siku nzima. Sasa kabla ya kukubali lokesheni yoyote nakaa pale dakika kumi, nimefumba macho, nasikiliza.

Tuje kwenye damu, maana hapa ndipo wengi wanapoumia. Mwaka 1968 Romero na wenzake, waliokuwa Pennsylvania, Marekani, walitumia sharubati ya chokoleti, na ilifaa kwa sababu filamu yao ilikuwa nyeusi na nyeupe. Yetu ina rangi. Chemsha kilo moja ya sukari kwenye nusu lita ya maji mpaka iwe nzito, ipoe, tia rangi nyekundu ya chakula, kisha kijiko kimoja cha unga wa kakao. Usisahau kakao. Bila hiyo damu inakuwa na wekundu wa pipi. Damu hii ni salama mdomoni, lakini ni sukari. Muheza ni mji wa machungwa, na penye michungwa pana nyuki. Siku ya pili msukule wetu alilala chini akiigiza kifo chake cha pili, na kabla hatujamaliza shoti alikuwa na nyuki sikioni na sisimizi mgongoni. Alivumilia bila kutikisika, namshukuru mpaka leo, ila sikupaswa kumweka katika hali ile. Tangu siku hiyo damu ya sukari tunaiweka mdomoni tu. Ya nguo tunapika uji mwepesi wa unga wa muhogo na kuutia rangi. Haina utamu, wadudu hawaitaki.

Usimpake mtu majivu halisi. Tulijaribu, ngozi ikamuwasha. Mafuta ya nazi kidogo, unga wa muhogo juu yake, na mkaa uliosagwa laini kuzunguka macho, basi. Nguo za mitumba nunua, lakini za damu ziwe pea mbili zinazofanana, la sivyo ukikosea shoti ya kwanza mnarudi nyumbani. Piga picha kila mwigizaji kabla hajaondoka, doa lilikuwa upande gani, kitufe kipi kilikuwa wazi.

Kabla ya yote hayo, vibali. Nchini Tanzania kushuti filamu kunahitaji kibali cha Bodi ya Filamu, chini ya sheria ya mwaka 1976, na mtaani uende kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa ukiwa na barua. Mimi nilienda, na bado nilikosea. Niliwaambia tunashuti filamu, sikuwaambia ya misukule. Jioni moja mwigizaji wetu akiwa na mekapu yote alivuka barabara kununua soda. Bibi mmoja aliyekuwa anauza mihogo alipiga ukelele, na kwa muda mfupi sana watu wakawa wamekusanyika, wengine na fimbo. Mjumbe ndiye aliyetuokoa. Baadaye nilikwenda kwa yule bibi, nikapiga magoti, nikamwomba radhi. Akaniambia: "Mjukuu wangu, mngenambia tu. Ningekuja kutazama." Kwa hiyo waambie majirani mnatengeneza nini, waonyeshe mwigizaji bila mekapu na akiwa na mekapu, na asitoke kwenye lokesheni akiwa amepakwa. Hatari hapa ni ya uhai wa mtu.

Hakimiliki nayo isikupite. Filamu ile ya Romero ilibadilishwa jina kabla ya kutoka, na jina jipya lilipowekwa, tangazo la hakimiliki likaachwa nje. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule ikawa mali ya umma, kila mtu akaiuza. Sajili yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na usiweke wimbo wa msanii bila ruhusa hata kama ni rafiki yako. Sisi tulimrekodi kijana anayepiga marimba.

Ukimaliza kuhariri, ipeleke kwenye kibanda umiza, kile kibanda cha mtaani cha kuonyesha filamu, kabla hujaipandisha mtandaoni. Mwenye kibanda tulimlipa kwa kumletea wateja. Nilikaa mbele, mgongo kwenye skrini, nikatazama nyuso na kuandika dakika kwenye karatasi. Dakika ya tatu walicheka. Kuanzia ya tisa hadi ya kumi na mbili mtu mmoja alitoka kwenda kuongea na simu, wawili wakaanza kupiga soga. Hapo palikuwa na mazungumzo niliyoyapenda kuliko yote, nilikuwa nimeyaandika kwa wiki mbili. Filamu wakati huo ilikuwa na dakika 27. Usiku ule nilikata nne.

Yule bibi wa mihogo alikuwa amekaa benchi la kwanza. Mweka hazina alipouliza lile swali lake la salio, alijibu kwa sauti kabla mtu yeyote hajacheka: "Mpeni mwenyewe, si huyo hapo!"