Jua likifichwa na wingu, nyuki anajuaje njia?

Swali: Nyuki hurudije mzingani wakati jua limefunikwa? Kamera inaweza kumwiga?

Jibu: Swali hili nalipenda sana. Nyuki anahitaji kipande tu cha anga la buluu. Mwanga wa jua ukitawanywa na hewa, mitetemo yake huelemea upande mmoja, hasa digrii 90 kutoka jua lilipo. Nyuki huuona mpangilio huo na kujua jua liliko, kama alivyobaini mtafiti wa nyuki Karl von Frisch mwaka 1949. Jaribu: vaa miwani ya polaroidi (inayopitisha mitetemo ya upande mmoja tu), tazama anga lililo digrii 90 kutoka jua, inamisha kichwa polepole. Buluu inakolea, kisha inafifia. Mara ya kwanza nilisimama pale nikirudia, shingo ikauma!

Kamera nazo huwekewa vichujio vidogo vya aina hiyo vilivyoelekezwa digrii 0, 45, 90 na 135, kompyuta ikakokotoa jua liliko hata GPS ikikatika.