Mashine ipi ya kuwelda bodi ya gari?

SWALI: Habari fundi, nina gari la zamani limeliwa na kutu kwenye milango na sakafu, nataka kuwelda mwenyewe ila hela yangu ndogo. Jirani ananiuzia mashine ya vijiti bei poa, nichukue?

JIBU: Salama ndugu yangu. Kwa bodi usichukue hiyo, bati la gari mara nyingi ni kama milimita 0.7 mpaka 1 tu, na ile ya vijiti itakutobolea matundu mengi kuliko uliyoanza nayo. Tafuta MIG ndogo ya gesi, yaani mashine inayosukuma waya yenyewe badala ya kijiti, na watu wengi wanakosea hapa, wanauliza inafika ampea ngapi (ukali wa umeme wa kuwelda) wakati cha kuuliza ni inashuka mpaka ngapi, ikishuka hadi 30 hivi hapo sawa. Tumia waya wa milimita 0.6 na gesi ya agoni iliyochanganywa na kaboni dayoksaidi. Zipo za bei chini zinazotumia waya usiohitaji gesi, zinafanya kazi lakini joto lake kali na zinarusha cheche sana, kwahiyo kama mtaji unaruhusu nunua inayokubali njia zote mbili, utaanza na waya huo usiohitaji gesi, mtungi wa gesi utakuja baadae. Na usivute mstari mrefu, piga nukta nukta ukiruka huku na kule bati lisije likapinda.

Halafu tafadhali, chomoa betri kwanza, na karibu na tenki la mafuta usiwelde kabisa kabla hujalitoa.