Maswali ya Wasafiri: Chumba cha 20,000 kinapogeuka cha 35,000

Nashuka Dar kila baada ya miezi miwili kufunga mzigo wa nguo Kariakoo, nakaa siku tatu. Mbezi karibu na stendi napata chumba cha self kwa 20,000, Kariakoo hakishuki 35,000. Wenzangu wanasema nachezea hela kulala Kariakoo. Ni kweli?
*Mfanyabiashara, Mbeya*

Wenzako wanahesabu kitanda peke yake. Kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, mpaka Kariakoo ni kama kilomita 20. Asubuhi huna mzigo, daladala na mwendokasi vinakufikisha kwa nauli ndogo. Kazi iko jioni: ukiwa na viroba viwili vya nguo, mwendokasi wa saa 12 hauingiliki. Tuseme bajaji imekuchaji 15,000. Chumba chako cha 20,000 kimeshakuwa cha 35,000, na foleni bado hujailipa. Siku za kununua lala Kariakoo. Usiku wa mwisho, mzigo ukishaukabidhi kwa wasafirishaji na risiti unayo mkononi, hamia Mbezi kama basi lako linaondoka alfajiri.

Akiba yako kubwa iko njiani. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, ukiondoka Mbeya jioni unalala kwenye kiti na usiku mmoja wa gesti umeuokoa. Ila usiuharibu mwishoni. Basi likikushusha saa 11 alfajiri nawe ukakimbilia kitanda, gesti nyingi zitauhesabu huo kuwa usiku unaoisha saa 4 asubuhi, kwa hiyo unalipa bei nzima kwa saa tano. Waombe wakutunzie begi, uoge, uende sokoni, chumba ukichukue mchana.

Kabla hujalipa, ingia chumbani na ufungue bomba la kuogea. La sinki halikuambii kitu. Vyumba vya orofa ya juu kabisa viko karibu mno na simtanki, maji hayana mteremko wa kutosha kusukuma, ndiyo maana yanachuruzika tu. Orofa hiyohiyo ndiyo inayopikwa na jua mchana kutwa, na usiku zege linarudisha joto ndani. Omba orofa ya pili au ya tatu, upande usiotazama barabara. Kuhusu AC, Januari na Februari ilipie bila kusita. Kuanzia Juni hadi Agosti feni inatosha, na chumba cha feni kina bei ya chini. Uliza pia kama jenereta linabeba AC au taa tu.

Halafu kunguni. Inua kona za shuka, mulika kwa simu mishono ya godoro na nyufa za ubao wa kichwani. Ukiona vidoa vyeusi kama vya wino, toka, usikubali hata kuhamishiwa chumba cha jirani, kwa sababu wanapita ukutani. Wewe unayebeba nguo una sababu ya ziada ya kuwa mkali: viroba vikilala sakafuni kando ya kitanda, kunguni watasafiri navyo mpaka kwa wateja wako. Viweke stoo, au juu ya meza vikiwa vimefungwa.

Bei ipatane kwa usiku tatu, lakini lipa mmoja kwanza. Mchana gesti yoyote ni tulivu. Chungulia ua wa jirani: kreti za bia zilizopangwa na spika zilizofunikwa turubai zinakueleza usiku utakuwaje, na punguzo la 5,000 halirudishi usingizi.

Tuko watano, watoto watatu, tunataka usiku nne Zanzibar shule zikifungwa Desemba. Hoteli ya Nungwi au nyumba ya kupanga Jambiani?
*Mama Watatu, Morogoro*

Kwanza tarehe, ndipo mahali. Kati ya Krismasi na Mwaka Mpya bei iko juu kuliko wakati wowote. Nenda mapema Desemba shule zikishafungwa. Mvua za vuli zinaweza kuwanyeshea kidogo, lakini mfuko utapumua.

Kwa watu watano nyumba yenye jiko inashinda hoteli, kwani hotelini mtalipia vyumba viwili na kila mlo mara tano. Tatizo la Jambiani ni bahari. Maji yanakupwa mbali sana, hasa wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, na kwa saa kadhaa watoto watabaki na mchanga, mwani na chelema za kupitia kwa miguu. Nungwi na Kendwa huogeleka karibu muda wote. Watoto wakiwa wadogo na kuogelea ndiko walikofuata, tafuteni nyumba Nungwi kijijini, nyuma kidogo ya ufukwe. Daladala namba 116 inafika huko, ya Jambiani ni 309.

Muulize mwenye nyumba: gesi ya kupikia nani anajaza? Umeme wa Tukuza, yaani wa kulipia kabla kama LUKU ya bara, umo kwenye bei? Vitanda ni vya futi ngapi? Wawili watalala vizuri kwenye tano kwa sita, siyo kwenye tatu na nusu. Na mtaje mapema kuwa ni wenyeji, kwa maana bei ya kwanza mara nyingi ni ya wageni.

Nimelipia chumba kwa programu ya simu, nimefika saa 8 usiku kuamkia Jumamosi, naambiwa nafasi yangu ni ya kesho. Kosa la nani?
*Msomaji, Arusha*

La tarehe uliyochagua. Saa 8 usiku kuamkia Jumamosi, kalenda ya programu inasoma Jumamosi, lakini kitanda unachokitaka ni cha usiku wa Ijumaa. Ukifika baada ya saa 6 usiku, weka tarehe ya siku iliyotangulia, kisha pigia mapokezi uwaambie utachelewa, wasije wakakigawa chumba wakidhani huji. Saa nazo zisome vizuri: 14:00 iliyoandikwa pale ni saa 8 mchana, na kabla ya hapo hawalazimiki kukupa ufunguo.