Wananchi wenye hasira kali wana majina

Mhariri, wiki iliyopita mliwauliza wasomaji: mtu wa kawaida, asiye na cheo wala fedha, anaweza kufanya nini kulinda amani na haki za binadamu mtaani kwake? Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto wanne, nafanyia kazi barazani, Ngamiani hapa Tanga. Jibu langu limetoka barabarani, mbele ya cherehani yangu, na linaanza na siku niliyofunga mlango.

Siku hiyo nilikuwa bado najifunza kazi. Kijana mmoja alikimbizwa kutoka upande wa sokoni mpaka kwenye mtaro ulio mbele ya nyumba. Wakapiga kelele kwamba ameiba baiskeli, na mnaoijua Tanga mnajua kwamba baiskeli kwetu ndiyo miguu: baba anaendea kazini, muuza samaki anabebea mzigo, mtoto anapelekewa shule. Kuibiwa baiskeli ni kuumizwa kweli, sikatai. Niliwaona wanakuja, nikakusanya vitambaa vyangu, nikaingia ndani nikatia komeo. Nikasikia yote. Hayakuchukua hata muda wa kupinda pindo la gauni moja. Kesho yake mtaro ulikuwa umemwagiwa mchanga, na pembeni imebaki kandambili moja ya buluu, kisigino kimelika upande. Ilikaa pale siku tatu. Hakuna aliyeiokota wala aliyeitupa. Tulikuwa tukifika pale tunaizunguka.

Redio ikatangaza kwamba kijana asiyefahamika jina ameuawa na wananchi wenye hasira kali.

Maneno hayo mnayasikia kila siku, na naomba waandishi wa habari mnisamehe, mimi nayaona ni pazia. Wananchi hao mimi niliwajua. Mmoja alikuwa akituletea maji kwa mkokoteni. Mwingine nilikuwa nimemshonea suruali ya sikukuu. Jioni ile walirudi makwao, wakanawa, wakala na watoto wao. Na aliyekufa naye alikuwa na mtu aliyemnunulia ile kandambili. Lakini kwenye habari mmoja kawa "mwizi" na wengine wamekuwa "wananchi", basi, hakuna mtu aliyemuua mtu. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kwa miaka kadhaa zimehesabu watu wanaouawa namna hii nchini kwa mamia. Mamia ya watu, na karibu wote wamekufa mikononi mwa watu wasiotajwa.

Jinsi ya kuzuia nilifundishwa na bi mkubwa mmoja muuza vitumbua. Ilikuwa Ramadhani, alasiri imeshaiva, watu wamechoka na kiu. Kijana alikamatwa na simu ya mwanamke anayeuza mihogo. Na niseme wazi: simu aliiba, ilitolewa mfukoni mwake. Walimwangusha palepale kwenye mtaro uleule. Bi mkubwa aliacha kikaango motoni, akapenya katikati ya miguu ya watu, akaketi chini, chini kabisa kwenye vumbi, akamtupia yule kijana kanga yake ya mabegani. Hakupiga kelele. Akamuuliza, "Mwanangu, unaitwa nani?" Kijana alilitaja jina lake kwa sauti ya kukatika. Bi mkubwa akalirudia kwa nguvu, kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. "Mama yako nani? Wa wapi?" Naye akayarudia.

Kisha akainua uso kwa aliyeshika gongo. Akamwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, akamuuliza, "Wale pacha kikohozi kimepoa?"

Yule baba alibaki ameduwaa, gongo liko juu. Akajibu, "Kimepoa, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi nimefunga na wewe umefunga, baba. Tusije tukafuturu damu ya mtu. Nenda kaniitie mwenyekiti wa mtaa, wewe una miguu."

Akaenda! Aliyekuwa tayari kuua ndiye aliyetumwa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, mkono uko kwenye komeo. Nikashuka nikakaa karibu na bi mkubwa, akaja na mwenye mihogo mwenyewe, tukawa wanawake watano tumekaa mviringo. Mwenyekiti alipofika kundi lilikuwa limepungua nusu, maana mtu ukishamwita kwa jina lake anakumbuka kwamba kuna kuonana kesho.

Baadaye nilimuuliza bi mkubwa kwa nini hakusema kwamba kijana hakuiba, au kwamba wamwonee huruma. Akaniambia ukianza kubishana kama kaiba au hakuiba, umeshakubali kwamba akiwa kaiba auawe. Wewe sema, "Ndiyo, kaiba, twendeni polisi." Tena usimvute mkono anayepiga, atazidisha nguvu. Mpe kazi. Hayo ndiyo mafunzo niliyopata, na mpaka leo sijapata mengine yaliyo bora zaidi.

Kutoka siku hiyo nikatafuta Katiba nikaisoma. Ni ya mwaka 1977, na sehemu ya haki iliingizwa humo mwaka 1984. Ibara ya 14 inasema kila mtu anayo haki ya kuishi, na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake. Nilipofika kwenye "kutoka katika jamii" nilisimama. Nilikuwa nadhani haki za binadamu ni deni la serikali peke yake, kumbe na mimi wa barazani nimetajwa. Ibara ya 13 nayo inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla haijathibitika kwamba ana hatia. Vijana wa kijiwe cha bodaboda nikawaeleza na hili, ambalo wengi hawalijui: raia anaruhusiwa kumkamata mwizi, lakini anatakiwa amkabidhi polisi bila kuchelewa. Na watu wakiua kwa pamoja, sheria haitafuti jiwe la mwisho limetoka mkono gani. Aliyeleta tairi naye anaweza kujibu shtaka la mauaji. Mmoja wao aliniuliza, "Hata kama nilimwagia petroli tu, mama?" Alikuwa haulizi kwa ubishi. Alikuwa anauliza kwa hofu, na mimi nilimjibu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu wa semina huliruka. Wanaopiga wana hoja. Wanasema: tukimpeleka polisi leo, kesho tunamkuta sokoni anatucheka. Hoja hiyo ukiipuuza, hakuna atakayekusikiliza siku ya siku. Nikaamua kuifuata mpaka mwisho wake. Nilimsindikiza yule mwenye mihogo kwenye kesi ya simu yake, mahakama ya mwanzo. Kijana alikuwa ametoka kwa dhamana, na mtaa mzima ulikuwa unasema amehonga. Kumbe kwa kosa kama hilo dhamana ni haki ya mshtakiwa akitimiza masharti, na kesi inaendelea vilevile. Kinachoua kesi ni kiti cha shahidi kuwa kitupu. Siku ya kwanza tulikaa toka saa 3 asubuhi mpaka saa 7 mchana, ikaahirishwa. Ya pili, ikaahirishwa. Ya tatu vilevile. Na kila siku hiyo mihogo haikuuzwa, nauli imetoka, mtoto kaachwa kwa jirani. Mwenye mihogo akaniambia, "Dada, simu nimeisamehe." Nikaelewa jinsi hasira inavyotengenezwa. Mtu aliyesamehe kwa kuchoka siku hiyo, mwizi wa pili akija, ndiye anayeokota jiwe.

Tukakaa wanawake wa mchezo wetu wa upatu, tukagawana. Mmoja akauza mihogo, mmoja akachukua mtoto, nauli ikatoka kwenye mfuko wa upatu, mimi nikaenda naye. Siku ya nne alisimama akatoa ushahidi, kwa Kiswahili chetu hikihiki, mkono umeshika ukingo wa kizimba, anatetemeka lakini anasema. Kijana alitiwa hatiani. Mama yake alikuwepo, amekaa benchi la nyuma, na tulipotoka nje alikuja kumshika mkono mwenye mihogo akamwambia, "Ahsante, mmeniachia mwanangu." Mwanawe anapelekwa kifungoni, naye anashukuru. Tulirudi hatuna la kusema, kila mmoja kwa daladala yake ya mawazo.

Basi ndiyo kazi tunayofanya, Mhariri. Tuko saba sasa, akiwemo kijana mmoja wa bodaboda, yule aliyeniuliza habari ya petroli. Hatuna ofisi. Nina daftari la shule, limening'inia kwenye msumari juu ya cherehani: kwenye kurasa za mbele kuna namba za simu za mwenyekiti, polisi kata na za wenzangu, na nyuma kuna tarehe za kesi za watu wa mtaa. Kurasa za nyuma ndizo zinazojaa. Wapo wanaotuambia tunatetea wezi, na wapo wazee wanaosema Tanga ni mji wa watu wapole, tusichokonoe mambo. Upole wetu naujua. Niliutumia mwenyewe siku ya ile kandambili ya buluu.

Jumanne ijayo kuna kesi ya jirani aliyeibiwa pampu ya maji. Imeahirishwa mara mbili, na jana usiku ameniambia hana hamu nayo tena. Tutampitia kwake saa 2 asubuhi. Bi mkubwa amekubali kubaki na wanawe.