Bei inayoshuka kabla mteja hajasema kitu

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni maneno gani ya utotoni yanayomfanya mfanyabiashara ajitilie shaka. Kwangu ni haya: "Usiombe kwa watu."

Wengi tuliokulia Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, tuliambiwa hivyo kabla ya kuvuka mlango wa jirani. Ukikaribishwa chakula, sema umeshiba. Mgeni akikupa pesa, mtazame mama usoni kwanza. Katika nyumba ambayo unga ulipimwa ufike mwisho wa mwezi, adabu hiyo ilihitajika, maana mtoto aliyelishwa kwa jirani alimwachia mama yake deni. Siwalaumu wazazi hata kidogo. Lakini mtoto yule leo ana kibanda cha kushona Kariobangi, na kazi yake ya kila siku ni kuomba: ataje bei, adai salio, aombe zabuni.

Naliona jambo hili katika chama chetu. Mwenzangu mmoja hupika vyakula vya harusi na matanga. Akiwa peke yake hupiga hesabu vizuri mno: nyama, mchele, gesi, gari, vijana wa kuosha sufuria. Mteja akija, anataja bei, na kabla mteja hajafungua kinywa anaongeza, "Lakini tutaelewana." Faida imeshaondoka, na hakuna aliyeomba kupunguziwa. Aliyepunguza ni yule mtoto aliyefunzwa kusema ameshiba. Kudai salio ndiko kunakomtesa zaidi. Ujumbe wake huanza na "samahani kwa kukusumbua", na anamwandikia mtu ambaye wageni wake wameshakula wakamaliza.

Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika kuhusu wanawake waliofanikiwa lakini wakaamini kwamba wamewahadaa watu, na kwamba siku moja watagunduliwa. Walipotafuta chanzo walifika nyumbani: baadhi yao walikua huku ndugu mwingine ameshapewa cheo cha "mwenye akili". Kwetu cheo hicho kiligawanywa na mtihani. Tangu mfumo wa elimu wa 8-4-4 uanze mwaka 1985, alama za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, zilitosha kuamua kwamba huyu asome, na yule atafutiwe kazi ya mikono. Huyo wa mikono akaingia jua kali. Leo ameajiri vijana na analipia wadogo zake karo, lakini bado anaona karakana yake ni mahali pa walioanguka. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, ila waliopangwa nayo ndio wenye biashara za sasa.

Nakubali kwamba si kila shaka imetoka utotoni. Aliyewahi kunyang'anywa bidhaa na askari wa kaunti, au kulipwa miezi mingi baada ya kazi kuisha, ana sababu ya kuogopa. Mimi huzitenganisha hivi: shaka yenye msingi huja na hesabu. Kwa mfano, sheria ya Kenya imetenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mwenzangu akiniambia, "Siombi, kwa sababu mtaji wangu hauwezi kungoja malipo," namwelewa. Akisema, "Mimi nani hata niombe?" na karatasi zake zote ziko tayari, najua hapo anayesema si yeye.

Kwenye chama sasa tunatajiana bei kwa sauti kabla ya kukutana na mteja. Mmoja anajifanya mteja mkali, mwingine anataja bei kisha ananyamaza. Kunyamaza huko ni kugumu kuliko mnavyodhani. Wengine hutokwa jasho. Na binti yangu bado namfunza kushukuru akiwa kwa jirani, lakini akirudi kutoka dukani na chenji pungufu, namrudisha akaidai mwenyewe.