Kwa unayeanza kuzisoma okidi za misitu ya pwani: anza na mizizi

Wengi wanaoingia katika kazi hii huja wakilitafuta ua. Nawaelewa, maana picha zote walizoziona ni za maua. Lakini okidi ya msituni hukaa bila ua sehemu kubwa ya mwaka, na ukingoja ichanue ndipo uitambue, utaipita mara nyingi bila kujua. Jifunze mmea ungali mtupu: mizizi, shina, majani. Ua litakuja kwa wakati wake.

Nitatumia mfano mmoja, Angraecum eburneum, nususpishi giryamae, iliyopewa jina la Wagiriama. Huota katika nyanda za chini za pwani ya Kenya na Tanzania, na Unguja pia, juu ya miti na hata juu ya mawe ya matumbawe. Misitu hiyo imebaki vipandevipande, kwa hiyo usitarajie kuikuta kila unapoingia. Unaweza kutembea asubuhi nzima usione hata shina moja.

Ukiipata, tazama kwanza mizizi. Ni minene, ya rangi nyeupe inayoelekea kijivu, imeng'ang'ania gome. Dondoshea mzizi mkavu tone la maji. Pale lilipoangukia patageuka kijani ukiwa unatazama. Ule weupe ni velameni, tabaka la seli zilizokufa na kujaa hewa. Zikishanyonya maji huwa angavu, na kijani kilichofichwa chini yake kinaonekana, kwa sababu mizizi hii nayo ina klorofili na hujitengenezea chakula kwa mwanga. Ukishaliona jambo hilo kwa macho yako, utaweza kumjibu kwa heshima mzee mwenye shamba anayeamini kwamba mmea huu unamnyonya mwembe wake. Haumnyonyi. Maji unayapata kwenye mvua na umande, na madini kutoka kwenye vumbi na majani yanayooza katika nyufa za gome. Mti unaupa mahali pa kushika tu.

Panda sasa hadi kwenye shina. Okidi za kundi hili hukua kwa ncha moja, zikielekea juu mwaka hadi mwaka. Majani yamejipanga safu mbili, kushoto na kulia, na ncha ya kila jani imegawanyika vipande viwili visivyolingana. Pitisha kidole hapo, utahisi kimoja kimezidi kingine. Linganisha na Ansellia africana, ile yenye maua ya manjano na madoa ya kahawia ambayo pia iko pwani: yenyewe hutoa mashina mengi mfano wa miwa, na mizizi yake myembamba yenye ncha kali husimama kuelekea juu, ikidaka majani makavu yanayoanguka. Ukiweza kuzitofautisha hizi mbili bila ua, umepiga hatua kubwa. Tena kuna sababu ya kulijali hilo. Ansellia ikivunjikiwa na shina moja, inayo mengine. Angraecum ikikatwa ncha, itabidi ihangaike kuchipua ubavuni, kama itachipua. Kwa hiyo usivute tawi ili upate picha nzuri. Chukua darubini.

Sasa ua. Okidi nyingi hujipinda kikonyo cha ua chipukizi lake linapokomaa, mpaka ile petali maalumu, tunayoiita mdomo, ikakaa chini kama jukwaa la mdudu kutua. Angraecum hii haifanyi hivyo. Mdomo wake mweupe, mpana, hubaki juu, na sepali (vile vijani vya nje ya ua) na petali nyingine za kijani hafifu huachana kuuzunguka. Nyuma unaning'inia mrija wenye nekta, yaani maji matamu ya ua, wa sentimita chache. Rudi hapo jioni, giza likiingia, maana harufu yake hutoka usiku. Weupe, harufu ya usiku na mrija mrefu ni dalili za ua linalomngoja nondo. Mwaka 1862 Charles Darwin, baada ya kulichunguza ua la ndugu wa okidi hii aliyeko Madagaska, Angraecum sesquipedale, lenye mrija unaokaribia sentimita 30, alisema lazima awepo nondo mwenye ulimi wa kufika humo. Nondo huyo alikuja kuelezwa kisayansi mwaka 1903, Darwin akiwa ameshafariki. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wapime mrija kila wanapolipata ua. Kipimo hicho kinakueleza umtafute mgeni wa aina gani.

Chavua ya okidi haimwagiki kama unga. Imeshikamana katika vibonge viitwavyo polinia, vyenye gundi inayomnasa mdudu. Ukitaka kujaribu kuvitoa kwa njiti, jaribu kwenye okidi ya bustanini. Ya msituni muachie nondo wake.

Tunda likipasuka hutoa mbegu laini kama vumbi, maelfu kwa maelfu, wala hakuna iliyobeba akiba ya chakula. Noël Bernard, Mfaransa, ndiye aliyegundua mwaka 1899 kwamba mbegu hizi huota zikisaidiwa na kuvu. Mwaka 1922 Lewis Knudson wa Marekani akaonyesha kwamba zinaweza kuota maabara bila kuvu, zikilishwa sukari. Lakini msituni hakuna anayezipa sukari. Ukihamisha mmea mzima hadi kwenye bustani, umeuokoa huo mmoja, ila watoto wake wanahitaji gome lenye kuvu wanaofaa. Kwa hiyo daftari lako liandike mti kwa jina, mbambakofi au msandarusi au mwingine, hali ya gome, kimo kutoka ardhini, na kivuli. Okota habari pia kwenye matawi yaliyoangushwa na upepo. Hapo unaona kwa karibu vitu ambavyo juu usingevifikia.

Vibali vipate kabla ya safari. Mmea wa mwituni hauvuki mpaka nje ya taratibu za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini vilivyo hatarini. Na kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, zina wazee wake: piga hodi kwao, useme unachotafuta, na wakikukataza mahali, usiende. Ukiruhusiwa kuchukua sampuli, ua moja ndani ya chupa ya spiriti mara nyingi linatosha, kwa sababu likibanwa kwenye karatasi linapoteza umbo. Kabla ya hapo, nenda kaone sampuli zilizopo katika Hebaria ya Afrika Mashariki, hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa, iliyoanzia Amani, Usambara, na kuhamia Nairobi mwaka 1950. Huenda unachotaka kukusanya kipo tayari.

La mwisho ni kuhusu simu. Wezi wa okidi hufuatilia picha mtandaoni, na simu nyingi huandika mahali ulipo ndani ya picha yenyewe. Zima uandikaji huo wa mahali kabla hujaingia msituni.