Maswali Yenu: Nimechoka kuuza hati fungani, nihamie wapi?

Swali: Wahariri, salaam. Nina miaka sita nikiuza hati fungani na dhamana za serikali katika benki moja hapa Kampala. Wateja wangu ni mifuko ya pensheni, kampuni za bima na SACCO chache. Nimechoka kukimbizana na malengo ya kila mwezi. Nataka kuhamia upande wa wanaonunua. Kila nikienda usaili naambiwa mimi ni muuzaji tu. Nifanyeje?
Msomaji, Ntinda

Jibu: Ndugu msomaji, wana haki nusu. Muuzaji hutaja bei na kwenda zake. Meneja wa mfuko ndiye hubaki na hati bei inapogeuka. Ndiyo maana usaili wao huanza na hesabu. Kwa mfano: hati ya miaka 10, kuponi (riba yake ya mwaka) 16%, inayolipa kila miezi sita, imenunuliwa kwa 100. Soko likianza kudai 17%, bei yake inakuwa ngapi? Ni takriban 95.27. Ukiwa na hati za shilingi bilioni moja, milioni 47 hivi zimeyeyuka vitabuni. Ifanye kwa Excel tupu, si kwa kikokotoo cha ofisini. Wengi hukwama hapa: wanagawa kuponi kwa 2 lakini wanasahau kuigawa kwa 2 ile 17% pia, au wanahesabu vipindi 10 badala ya 20.

Halafu huja kodi. Riba ya hati za serikali hukatwa kodi ya zuio ya 20%, ila zile za miaka 10 au zaidi hukatwa 10%. Basi hati ya miaka 5 yenye kuponi ya 15.5% humwachia anayekatwa kodi hiyo 12.4%, na ya miaka 10 yenye 16% humwachia 14.4%. Pengo la nusu asilimia limekuwa la asilimia mbili. Wateja wako wamekuwa wakiipiga hesabu hii miaka yote mkiwa kwenye simu.

Anza daftari leo. Kabla ya kila mnada wa Benki Kuu, andika riba unayotarajia na sababu zake: kiasi kinachouzwa, hati zinazoiva, yaani zinazofikia muda wa kulipwa, wiki hiyo, hali ya shilingi. Matokeo yakitoka, andika ulikosea wapi. Baada ya miezi sita nenda nalo kwenye usaili. CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji, itakusaidia, ila ina ngazi tatu, usingoje uimalize.

Usiidharau meza ya benki yako inayosimamia mizania, yaani mali na madeni ya benki: nayo hununua hati, na huko huhitaji hata kujiuzulu. Dawati la kutoa hati fungani za kampuni tusingelitegemea, kwani hapa Uganda hutoka chache mno.

Orodha ya wateja iache ofisini. Ni mali ya benki, na taarifa za watu binafsi zinalindwa na sheria ya mwaka 2019.

Swali: Je, nikipata kazi, notisi ni ya muda gani?

Jibu: Kwa miaka sita kazini, Sheria ya Ajira ya 2006 inadai angalau miezi miwili, soma mkataba, huenda unadai zaidi. Barua ipeleke bonasi ikishaingia kwenye akaunti yako, si ikishatangazwa.